Vumbi la Kinywe, Vumbi la Salfa: Kusafisha Darubini Ukiwa Matambarale

Darubini ya kutazamia nyota haina duka lake Ruangwa wala Nachingwea, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania, na vifaa vya kuisafishia ni adimu hata kwenye miji mikubwa. Anayevitafuta kwa majina yaliyoandikwa kwenye kijitabu cha maelekezo ataambiwa aagize ng'ambo, asubiri majuma kadhaa, na alipe nauli inayozidi bei ya kitu chenyewe. Orodha ileile ukiivua majina ya kibiashara, vinabaki vitu vichache: maji yasiyo na chumvi, alkoholi safi, tone la sabuni, pamba na upepo. Vitu hivyo vinapatikana wilayani, ila vimelala kwenye maduka ya kazi nyingine: duka la dawa, banda la fundi simu, gereji, kwa muuza miwani. Ugumu uko hapa: kila kimoja kina mwenzake anayefanana naye kwa sura na pengine kuitwa kwa jina lilelile, na huyo mwenzake ndiye anayeharibu kioo.

Kwa hiyo kutafuta vifaa hivi ni kazi ya kusoma lebo kuliko kazi ya kutafuta fedha. Kabla ya lebo, lakini, lazima mtu ajue anasafisha nini, na uchafu ulioingia ni wa aina gani. Matambarale, wilayani Ruangwa, ina vumbi lake.

Kinachosafishwa

Darubini wanazopata shule na watu binafsi huwa za aina mbili. Ya kwanza ina lenzi mbele ya bomba, kama ile ndogo ya Galileoscope yenye lenzi ya milimita 50, iliyobuniwa kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia, 2009, ili iwe nafuu kwa shule. Ya pili ina kioo kilichobonyea kidogo, kilichokaa chini kabisa ya bomba, ambacho hukusanya mwanga na kuurudisha juu. Isaac Newton alitengeneza ya aina hiyo mwaka 1668, na kioo chake kilikuwa cha shaba iliyochanganywa na bati, chuma kilichofifia upesi na kuhitaji kung'arishwa upya mara kwa mara. Miaka ya 1850 mafundi wa Ujerumani na Ufaransa walianza kupaka fedha juu ya glasi. Fedha nayo iligeuka nyeusi. Ndipo miaka ya 1930 ikaja alumini, inayorushwa kama mvuke ndani ya chombo kisicho na hewa mpaka itande juu ya glasi.

Alumini hiyo ni nyembamba mno, takribani nanomita 100. Ukipanga tabaka 1,000 za namna hiyo, moja juu ya nyingine, unapata sehemu ya kumi ya milimita. Kisha iko mbele. Kioo cha kujitazamia ukutani kimepakwa nyuma, kwa hiyo ukikifuta unafuta glasi tupu. Cha darubini kimepakwa upande wa mbele, na ukikifuta unafuta alumini yenyewe, au ule utando mwembamba wa kinga uliowekwa juu yake. Lenzi ni ngumu zaidi, ila nazo zina utando wa kupunguza mng'ao, ule unaoonekana kama rangi ya zambarau au kijani ukiigeuza lenzi kwenye mwanga.

Hapo ndipo ilipo sababu ya ushauri ambao wageni wa kazi hii huuona wa kivivu: usisafishe. Vumbi likifunika asilimia 2 ya uso wa kioo, unapoteza karibu asilimia 2 ya mwanga, na jicho la mtu haliwezi kutambua upungufu huo. Mkwaruzo hautoki. Kioo kikuu cha darubini iliyotunzwa vizuri kinaweza kukaa mwaka, hata miaka kadhaa, bila kuguswa. Wala usikihukumu kwa kukimulika tochi kwa ubavu usiku, maana kwa mwanga huo hata kioo kilichotoka kiwandani jana huonekana kama sakafu ya kinu cha kukobolea.

Lenzi ya jicho, ile ndogo unayoichungulia, ndiyo inayochafuka kwa kweli. Hupata mafuta ya kope, jasho, na vidole vya watoto wanaopanga foleni kuuona Mwezi. Ukiwa na pesa ya kifaa kimoja tu cha usafi, kielekeze huko.

Vumbi la mahali

Vumbi lote si sawa. Wataalamu wa miamba hupima ugumu wa madini kwa kipimo cha Mohs, kutoka 1 hadi 10: kilicho juu kinakikwaruza kilicho chini. Glasi ya kawaida huangukia kati ya 5 na 6. Mchanga mweupe wa barabarani, ambao kwa sehemu kubwa ni kwazi, uko 7. Kwa hiyo chembe moja ya mchanga ikinaswa kati ya pamba na kioo, kila unapovuta mkono unachora mstari. Nchi hii iliwahi kuuona ubishi wa madini hayo kwa gharama kubwa: mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufikia Kongwa, Urambo na Nachingwea ulikumbana na udongo wa Kongwa uliokuwa ukisaga majembe ya matrekta upesi kuliko ilivyodhaniwa. Kilichomaliza chuma cha plau hakitaiogopa alumini ya nanomita 100.

Matambarale, hata hivyo, ina kitu ambacho vitabu vya darubini vya Ulaya na Marekani havikigusi. Ni kinywe. Miamba ya Ruangwa ina kinywe kingi, na Matambarale Kusini ndiko uliko mgodi wa Lindi Jumbo ulioanzishwa na kampuni ya Walkabout Resources ya Australia, uliosanifiwa kutoa tani 40,000 za kinywe kwa mwaka. Ni madini yaleyale yanayochanganywa na udongo wa mfinyanzi kutengeneza risasi ya penseli, na sasa yanatafutwa kwa ajili ya betri za magari ya umeme.

Kinywe ni laini, kati ya 1 na 2 kwenye kipimo cha Mohs, kwa hiyo hakikwaruzi kioo. Kina ubaya wa namna nyingine. Kimejengeka kwa vibapa vyembamba vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, na ndiyo maana kinaacha alama kwenye karatasi na weusi kwenye vidole. Ukikifuta kikiwa kikavu hakitoki, kinatandaa. Doa la ukubwa wa punje ya mtama linageuka wingu la kijivu lenye upana wa sarafu, nalo limegandamana na kioo kuliko mwanzo. Alkoholi haikiyeyushi, asetoni haikiyeyushi, kwa sababu kaboni ya namna hiyo haiyeyuki katika kimiminika chochote cha dukani. Maji matupu nayo hukikwepa, maana kinywe hakipendi maji. Mgodini tabia hiyo ndiyo inayotumika kukitenga na mwamba: mawe husagwa, hutiwa kwenye maji yenye mafuta kidogo na dawa ya kutoa povu, hewa hupulizwa kutoka chini, na vibapa vya kinywe hung'ang'ania mapovu na kupanda juu huku mchanga ukizama. Nyumbani unatumia kanuni hiyo kwa upande wa pili. Tone la sabuni ya maji huyafanya maji yakubali kukilowanisha kinywe, yaingie chini yake na kukiinua bila kusugua.

Kuna sababu nyingine ya kutokiacha kinywe kikae juu ya kioo msimu mzima wa mvua. Kinywe hupitisha umeme. Kikigusana na alumini mahali penye unyevu wenye chumvi, viwili hivyo hufanya betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Utando wa kinga huzuia, lakini utando huo una vitundu, na hapo ndipo vidoa vyeusi huanzia.

Halafu kuna salfa. Mikorosho ya Lindi na Mtwara hushambuliwa na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaokausha maua na machipukizi, na dawa yake ya miaka mingi ni unga wa salfa unaorushwa kwa mashine ya kupulizia kuanzia mikorosho inapochipua na kutoa maua, kiangazi. Kiangazi hichohicho ndicho msimu wa nyota. Kati ya Juni na Septemba, kitovu cha Njia Maziwa hupita karibu na utosi jioni, hewa ni kavu, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayekubali kuacha darubini ndani. Salfa ni laini pia, haikwaruzi, na haishambulii alumini kwa haraka. Fedha ndiyo adui yake: huigeuza nyeusi. Baadhi ya vioo vidogo vya kupindishia mwanga vimepakwa fedha, kwa hiyo soma maelezo ya chombo chako kabla ya kukaa nacho karibu na shamba linalopuliziwa. Salfa haiyeyuki kwenye maji. Nayo inataka sabuni. Njia rahisi kuliko zote ni kumuuliza jirani anapulizia lini. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, upepo ukiwa umetulia, na wingu la unga hukaa hewani kwa muda kabla ya kushuka. Darubini iliyosahauliwa uani tangu usiku huamka na rangi ya manjano.

Mkorosho una zawadi nyingine. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na mtu aliyebangua korosho mchana, hata akinawa, bado ana mabaki yake vidoleni. Alama ya kidole cha namna hiyo kwenye lenzi ni ngumu kuliko ya jasho. Itoe kwa alkoholi siku hiyohiyo, kwa maana ikikaa hukauka na kuwa kama vanishi.

Moshi wa kuchoma mashamba mwishoni mwa kiangazi sina mengi ya kuusemea. Masizi yake yana mafuta mafuta, husafishwa kama kinywe.

Maduka na lebo

Anza duka la dawa, na anza na maji. Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi na chokaa. Yakikauka juu ya kioo huacha duara jeupe. Kuyachemsha hakusaidii. Mvuke unaondoka, chumvi inabaki, na maji yaliyobaki yana chumvi zaidi ya mwanzo. Kinachotakiwa ni maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakakusanywa upya. Duka la dawa huyauza kwa jina la maji ya sindano, yale ya kuchanganyia dawa za unga, kwenye vichupa vidogo vya plastiki. Vichupa vichache vinatosha lenzi zote za jicho na suuza ya mwisho ya kioo cha wastani. Angalia lebo: isiwe maji ya dripu. Dripu ni maji ya chumvi au ya sukari, na ni wazi vilevile, masafi vilevile kwa macho.

Gereji nako kuna maji yaliyokenekwa, kwa bei ndogo na kwa chupa kubwa, yanayoitwa maji ya betri. Hapa kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine popote katika makala haya. Chini ya jina hilohilo watu huuza vitu viwili: maji ya kuongezea betri iliyopungua, na tindikali ya salfa ya kujazia betri mpya. Ya pili itakula alumini na kukuunguza mikono na macho. Usinunue kwa mdomo. Soma chupa iliyofungwa kiwandani, na ukikuta imeshafunguliwa, iache.

Asiyepata vyote viwili atengeneze mwenyewe. Weka sufuria yenye maji jikoni, ndani yake ielee bakuli safi, juu funika kwa mfuniko uliogeuzwa wenye maji baridi juu yake. Mvuke utagonga mfuniko na kudondokea bakulini. Ni kazi ya subira, ila maji yake ni mazuri. Maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye beseni uwanjani, baada ya mvua kunyesha muda mrefu na kuosha hewa, huweza kutumika kwa suuza ya kwanza. Yaliyopita juu ya bati hapana.

Alkoholi ndiyo yenye mitego mingi. Inayotakiwa ni aisopropili ya asilimia 99, au ethanoli safi ya maabara. Aisopropili utaipata kwa fundi simu, maana ndiyo anayosafishia bodi za simu zilizoingia maji. Nachingwea na Ruangwa mafundi hao hawakosi, na wengi huagiza dawa zao Kariakoo. Muombe akuonyeshe chupa yenyewe, kwa kuwa baadhi yao hutumia tina au petroli kwa kazi hiyo, na vitu hivyo huyeyusha plastiki na rangi nyeusi ya ndani ya bomba. Spiriti ya duka la dawa inaonekana ni jibu la haraka, lakini spiriti ya kusafishia ngozi mara nyingi imetiwa mafuta ya mbarika ili isikaushe mgonjwa, na mafuta hayo hubaki kwenye lenzi kama utando. Iliyotiwa rangi huacha rangi. Dawa ya kutakasa mikono ina gliserini. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha ina mafuta na manukato, na ikigusa sehemu ya plastiki ya lenzi ya jicho huilainisha. Na kwa kuwa tuko kusini, lazima pia niitaje nipa: inayokenekwa kwa mabibo ina alkoholi kweli, lakini ina mengine mengi yasiyopimwa, na ni haramu kisheria. Kioo hakilewi, ila madoa kitapata.

Pamba inunuliwe ya hospitali, ile nyeupe ya kunyonya maji iliyofungwa kwa karatasi ya buluu. Imechemshwa na kuondolewa nta ya asili. Pamba ghafi kutoka shambani bado ina nta hiyo na vipande vya mbegu. Sufi ndiyo mbaya kabisa kwa kazi hii, ingawa ipo bure kwenye miti: nyuzi zake zimefunikwa nta, hazinyonyi kitu. Kipimo ni rahisi. Dondosha kidonge chake kwenye glasi ya maji. Ya hospitali inalowa na kuzama, sufi inaelea mpaka kesho.

Duka hilohilo la dawa lina bomba dogo la mpira la kunyonyea kamasi za watoto au kusafishia masikio. Hilo ndilo pampu yako ya upepo. Likiwa jipya huwa na unga mweupe ndani. Lioshe, likaushe siku mbili, lipulize mara nyingi kando kabla ya kulielekeza kwenye kioo. Upepo wa gereji wa kujazia matairi una mafuta ya kompresa na matone ya maji. Pumzi ya mdomo ina mate. Makopo ya hewa yanayouzwa mijini hufaa ikiwa utayashika wima. Ukiyainamisha hutema kimiminika baridi kinachoacha alama.

Kwa karatasi na vitambaa, nenda kwa wenye hadubini. Hospitali na vituo vya afya vinavyopima malaria kwa hadubini vina karatasi laini za kufutia lenzi, na wataalamu wa maabara hiyo ni watu wa karibu kuliko wote wanaojua kushika lenzi bila kuitia vidole. Waulize. Kitu kimoja tu usikichukue kwao: zailini, wanayoondolea mafuta ya kuzamishia lenzi. Lenzi za zamani zimegundishwa kwa gundi ya utomvu ambayo zailini huiyeyusha. Kitambaa laini cha kufutia miwani kinafaa kwa mguso wa mwisho, kikifuliwa kwa sabuni kidogo bila dawa ya kulainisha nguo. Kanga mpya ina wanga, kitenge kipya kina nta. Karatasi za chooni zina chembe za mti, na zile za usoni zilizotiwa losheni ni afadhali uzitumie usoni.

Sabuni iwe ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na losheni, na iwe tone. Sabuni ya mche na sabuni ya unga zina magadi, na magadi huyeyusha alumini. Majivu na dawa ya kung'arishia nguo vivyo hivyo, tena kwa kasi. Dawa za kufutia vioo vya madirisha zenye amonia zibaki madirishani.

Kalamu za kusafishia lenzi, wanazotumia wapiga picha na wapima ardhi, zina ncha laini yenye unga wa kaboni unaonyonya mafuta. Wapo watakaojiuliza kama kinywe cha Matambarale hakiwezi kufanya kazi hiyo bure. Hakiwezi. Kaboni ya kalamu imesagwa na kuchujwa kwa kazi hiyo, ilhali kinywe cha shambani kimeshikana na kwazi.

Ukiwa na mashaka na kimiminika chochote, kijaribu kabla. Osha kipande cha glasi ya fremu ya picha, weka tone moja, liache likauke, kisha limulike kwa ubavu. Likiacha alama hapo litaacha kwenye darubini. Na kitambaa au pamba unayoishuku isugue kwenye upande unaong'aa wa sidii ya zamani. Plastiki ya sidii ni laini kuliko glasi. Isipokwaruzika, lenzi yako iko salama.

Kazi yenyewe

Mchanganyiko ambao wengi hutumia kwa lenzi ni sehemu tatu za maji yaliyokenekwa kwa sehemu moja ya aisopropili, na tone moja la sabuni ya maji katika nusu lita nzima. Utengeneze kidogo, uuweke kwenye chupa iliyooshwa, uandike nini kimo.

Kwa lenzi: puliza kwanza, lenzi ikiwa imeinama ili vumbi lianguke. Pitisha brashi laini ambayo haijawahi kuona poda. Ndipo uloweshe pamba, si lenzi, kwa sababu tone lililowekwa kwenye lenzi hukimbilia ukingoni na kuingia ndani ya fremu, na huko halitoki. Vuta kutoka katikati kwenda nje, mara moja, tupa pamba, chukua nyingine. Usifungue lenzi za mbele kutoka kwenye fremu yake hata skrubu zikikuvutia. Nafasi kati ya vipande vyake imepimwa, na kuirudisha si kazi ya mezani nyumbani.

Kwa kioo kikuu: kitoe na kitako chake, vua pete na saa, laza taulo chini ya beseni. Kipitishie maji mengi bila kukigusa, dakika kadhaa, ili mchanga uondoke kabla mkono haujafika. Kisha kizamishe kwenye maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni na ukiache robo saa. Wengi hukosa subira hapa na kuanza kusugua. Pamba iliyoloa ikokotwe chini ya maji kwa uzito wake yenyewe, bila kidole kuisukuma, kila kidonge mara moja tu. Kinywe kikiwa hakijatoka, rudia kuloweka, usiongeze nguvu. Suuza kwa maji ya kawaida, kisha kwa yaliyokenekwa, kisimamishe kwa ukingo, na matone yatakayobaki uyanyonye kwa ncha ya karatasi ya lenzi. Fanya haya asubuhi, upepo haujaanza, ndani ya nyumba iliyonyunyiziwa maji sakafuni.

Wenye vyombo vikubwa wana njia zao. Vituo vingi vya utafiti duniani hupuliza theluji ya kabonidioksidi juu ya vioo, ikaondoka na vumbi bila kuacha maji. Darubini kubwa ya Afrika Kusini huko Sutherland, iliyozinduliwa mwaka 2005, ina kioo kilichoundwa na vipande 91 vya pembe sita, jambo linalowezesha kushughulikia kipande kimoja kimoja.

Masika na ukungu

Lindi hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia karibu na Desemba hadi Aprili au Mei, na miezi hiyo ndiyo inayoua lenzi nyingi kuliko vumbi. Ukungu huota kwenye glasi kama utando wa buibui, hula vumbi na mafuta, na hutoa tindikali inayochora glasi yenyewe. Ukishachora, hakuna dawa. Ukiwahi mapema, futa kwa aisopropili mara kadhaa na uikaushe vizuri.

Kinga yake ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Weka ndani lenzi za jicho pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na makopo ya vidonge. Vikishajaa unyevu vinakaushwa upya kwa joto la taratibu, punje zikiwa zimemwagwa kwenye kikaango kikavu, na si paketi yenyewe. Punje za buluu zina kobalti, ambayo ni sumu, kwa hiyo zisikaushwe kwenye chombo cha chakula. Mchele mbichi, unaosifiwa na wenye simu zilizolowa, hunyonya kidogo na huleta unga. Mkaa huleta vumbi.

Umande wa alfajiri usiufute. Darubini iliyoloa iingizwe ndani ikiwa wazi, ielekezwe chini kidogo, ifunikwe ikishakauka. Ukiifunika ikiwa na maji unaupikia ukungu chakula.

Kichujio cha Jua

Tarehe 1 Septemba 2016, saa 6 na dakika 7 mchana, kilele cha kupatwa kwa Jua kwa pete kilitokea kusini mwa Tanzania, kati ya Tunduru na Masasi. Mwezi ulifunika asilimia 97 ya kipenyo cha Jua kwa dakika 3 na sekunde 6, na ukanda wa pete ulikuwa na upana wa kilomita 100 hivi. Nachingwea na Ruangwa zilikuwa pembeni mwa mstari huo, na Jua lilionekana kama mwezi mwandamo. Tukio la namna hiyo huacha kitu kwenye makabati ya shule: karatasi nyeusi au ya kifedha ya kutazamia Jua.

Kichujio hicho hakisafishwi kwa kufuta. Utando wake ni mwembamba, na kusugua hutengeneza vitundu vinavyopitisha mwanga usiochujwa hadi kwenye jicho kupitia chombo kilichoukusanya. Kipulize tu. Kabla ya kukitumia kishike kati ya jicho na taa kali ndani ya chumba chenye giza. Ukiona hata kitundu kimoja cha mwanga, kikunjo kilichopasuka, au ukungu uliotoboa, kikate vipande na ukitupe, asije mtoto akakiokota.

Alumini ikiisha

Kuna siku usafi hausaidii. Kioo kikishikwa dhidi ya taa usiku na mwanga wa taa ukaonekana kupita kwa vitundu vingi, au vidoa vyeusi vikiwa vimetapakaa kutoka ukingoni, alumini imeliwa na inatakiwa kupakwa upya kwenye chombo kisicho na hewa. Hiyo si kazi ya fundi wa mtaani, na kwa kioo kidogo gharama ya kukisafirisha kwenda na kurudi huenda ikakaribia bei ya kioo kipya cha ukubwa huo. Linganisha bei mbili hizo kabla ya kufunga mzigo. Wakati unafikiria, endelea kukitumia: kioo chenye madoa bado kitakuonyesha pete za Zohali.